Zamu ya Arobaini na Mbili

Ratiba ya wiki ilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye mlango wa ofisi ya walimu. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nyekundu, na mwalimu mkuu alikuwa ameipigia mstari kila siku, kana kwamba siku zenyewe zingetoroka. Jumatatu, mashindano ya kusoma na hesabu. Jumanne, upimaji wa macho. Jumatano, usafi na kupanda miche. Alhamisi, mazoezi ya mwisho ya kwaya na maigizo. Ijumaa, siku ya wazazi. Chini kabisa, kwa herufi zilizobanana kwa sababu karatasi ilikuwa imekwisha: Vifaranga, Darasa la Nne.

Vifaranga bado vilikuwa mayai. Yalikuwa kumi na mawili, ndani ya sanduku la mbao lililokaa juu ya meza nyuma ya darasa. Sanduku hilo lilichongwa na seremala wa jirani. Lilikuwa na balbu mbili, bakuli la maji, kipimajoto, na mfuniko wenye kioo kidogo cha kuchungulia. Mwalimu wa darasa alikuwa ndiyo kwanza ametoka chuoni, na mayai hayo ndiyo kazi yake kubwa ya kwanza. Aliyaweka Ijumaa moja baada ya masomo, na siku ishirini na moja baadaye ingekuwa Ijumaa ya wazazi.

Mayai yanayoatamiwa lazima yageuzwe. Yai likilala upande mmoja siku nyingi, kifaranga hugandamana na ganda. Kwa hiyo kila yai lilichorwa msalaba upande mmoja na duara upande wa pili, kwa penseli, na mwalimu akatengeneza orodha ya zamu. Zamu tatu kwa siku: saa mbili, saa sita, saa tisa. Jumamosi na Jumapili mlinzi, aliyeishi papo hapo shuleni, aliyageuza mwenyewe na kusema kwamba alikuwa akiyasalimia. Siku za shule, mpaka Alhamisi ya wiki ya tatu, zilikuwa kumi na nne. Kumi na nne mara tatu ni arobaini na mbili, na wanafunzi wa darasa la nne walikuwa arobaini na wawili. Mwalimu alipiga hesabu mara ya pili ili kuhakikisha, kisha akatabasamu peke yake ofisini. Kila mtoto zamu moja, bila baki. Hesabu ikikubali namna hiyo, mtu haulizi zaidi.

Orodha ilikuwa na safu ya mwisho iliyoandikwa "Nimeona nini." Wa kwanza aliandika: Nimeona mayai. Wa pili: Mayai na taa. Wa tisa: Yamekaa tu. Wa kumi na tisa, ambaye alikuwa na maneno mengi hata kwenye mtihani, aliandika kwamba yai la saba lilimchekea.

Wa mwisho kwenye orodha alikuwa msichana aliyehamia shuleni katikati ya muhula, daftari la mahudhurio likiwa limekwisha kuandikwa. Jina lake liliongezwa chini ya mstari. Tangu siku hiyo aliitwa Arobaini na Mbili, na si kwa ubaya. Vitabu vya kusoma vilikuwa arobaini, kwa hiyo alisoma begani kwa mwenzake. Kwenye kwaya alisimama mstari wa nyuma, pembeni. Wakati wa kutoka darasani wanafunzi walitoka kwa namba, na wa mwisho ndiye aliyefunga mlango. Mlango ulikuwa wa chuma na bawaba zake zilikuwa zimelegea. Ulitaka kuinuliwa kidogo kwanza, kisha kusukumwa kwa bega. Yeye peke yake ndiye aliyeujua vizuri.

"Arobaini na Mbili, mlango!" waliita wakiwa wameshafika uwanjani.

"Naufunga!" alijibu, na kweli alikuwa akiufunga.

Zamu yake ilikuwa Alhamisi saa tisa, ya mwisho kabisa. Nyumbani alifanya mazoezi. Shangazi yake, fundi cherehani, alimchorea kiazi msalaba na duara kwa chaki ya kukatia nguo, na kila jioni Arobaini na Mbili alinawa mikono, akakigeuza polepole kwa vidole vitatu, akakiacha.

"Kiazi hicho kitatotoa kabla ya mayai yenu," shangazi alisema bila kuinua macho kwenye mshono.

"Shangazi, bado siku tatu tu."

"Mvumilivu hula mbivu. Ila na mbovu nazo humkuta palepale."

Jumatatu ilipita kwa kelele za mashindano. Darasa la nne lilishinda kusoma, likashindwa hesabu. Wa thelathini na moja, wa thelathini na mbili na wa thelathini na tatu waligeuza mayai kwa zamu zao.

Jumanne, baada ya chakula cha mchana, mwalimu alikwenda jikoni kuomba maji ya uvuguvugu ya kujaza bakuli la sandukuni. Mpishi wa shule, mama mnene mwenye sauti ya taratibu, alikuwa akisugua sufuria. Alikuwa na kuku wengi kwake, na kila mtu alijua hivyo isipokuwa mwalimu.

"Yanatotoa lini hayo mayai yako, mwanangu?"

"Ijumaa, mama."

"Basi kuanzia leo jioni unayaacha."

"Ninayaacha vipi?"

"Hugeuzi tena. Kuku akibakiza siku tatu hanyanyuki hata kwa punje. Anakaa tu, kimya, kama mgeni. Mtoto mle ndani anatafuta pa kutokea. Ukimgeuza unampoteza njia." Akamimina maji kwenye jagi. "Kwani chuoni hawakukwambia?"

Chuoni walimwambia. Alikuwa na kurasa za maelezo alizotoa nakala, na sasa alikumbuka kwamba ukurasa wa mwisho ulitoka nusu, wino ukiwa umefifia, na hakurudi kuutoa upya kwa sababu alidhani ulikuwa wa mazoezi ya maswali.

"Niliwapangia watoto mpaka Alhamisi," alisema.

"Ungeniuliza. Siku zote nipo hapa."

"Niliona haya, mama."

"Haya! Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, nanyi ndio mnaowaandikia watoto ubaoni."

Ilikuwa imepita saa nane na dakika kadhaa. Ilibaki zamu moja ambayo bado ilikuwa halali, ya leo saa tisa, na ilikuwa ya wa thelathini na sita, kiranja wa darasa. Baada yake walibaki watoto sita. Mwalimu alisimama kwenye kivuli cha jiko akagawanya: mayai kumi na mawili kwa watoto sita, mawili kila mmoja. Kiranja angeshika mfuniko.

"Mwalimu, kushika mfuniko si zamu," kiranja alisema alipoambiwa.

"Leo ni zamu."

"Sasa kwenye orodha niandike nimeona nini? Mfuniko?"

"Andika ulichokiona."

Tatizo lilikuwa muuguzi. Alikuwa amekuja na kadi yake ya herufi, akakaa kwenye veranda ya maktaba, upande wa pili wa uwanja, akiwapima macho darasa la nne kwa mpangilio wa daftari. Saa tisa ilipogonga, wa thelathini na saba hadi wa arobaini walikuwa wamesharudi, wamenawa mikono. Wa arobaini na moja aliingia akikimbia.

"Mwenzako yuko wapi?" mwalimu aliuliza.

"Muuguzi anasema hayumo kwenye karatasi yake. Karatasi inaishia kwangu. Anatafuta fomu nyingine."

Mfuniko ulifunguliwa. Watoto watano waligeuza mayai yao mawili mawili, ndimi zikichungulia pembeni mwa midomo. Yalibaki mawili yenye duara juu. Mwalimu alitazama mlangoni. Uwanja ulikuwa mweupe kwa jua na hapakuwa na mtu.

"Mwalimu, joto linashuka," kiranja alisema. Alikuwa akisoma kipimajoto, kama alivyofundishwa.

Mwalimu alitazama mlangoni mara nyingine.

"Geuza wewe," alisema.

Kiranja aligeuza yale mawili, mfuniko ukafungwa. Dakika nne baadaye Arobaini na Mbili aliingia akiwa na fomu mkononi. Muuguzi alikuwa amemsifu kwamba anasoma mpaka mstari wa mwisho. Aliona wenzake wamesimama kuzunguka sanduku, akadhani ni zamu ya kiranja tu, akaenda kukaa. Mwalimu alifungua mdomo, kisha kengele ya kwenda nyumbani ikalia, na watoto wakaanza kutoka kwa namba.

Alimwambia Jumatano asubuhi. Maneno aliyapanga njiani, na yalipotoka yalikuwa machache kuliko aliyoyapanga. Alimweleza kuhusu kuku asiyenyanyuka, kuhusu mayai mawili, kuhusu kipimajoto, kuhusu mvuke na mfuniko usiofunguliwa tena.

"Kwa hiyo zamu zimekwisha," msichana alisema.

"Zimekwisha jana."

"Hata yangu?"

"Hata yako. Nilikosea mimi, si wewe."

"Sawa, Mwalimu." Akafikiri. "Wengine wote wamegeuza?"

Mwalimu angeweza kusema kitu kingine. "Wote," alisema.

Siku hiyo ilikuwa ya miche. Shule nzima ilikuwa nje na majembe na ndoo. Arobaini na Mbili alipewa jembe lenye mpini mfupi, akachimba shimo la mwisho, karibu na ukuta, palipokuwa na mawe. Kiranja alikuja akasimama karibu, akapiga jiwe moja kwa ncha ya kiatu.

"Yale mawili yalikuwa yako," alisema.

"Najua."

"Nilikugeuzia. Sikugeuza yangu. Yangu hayakuwepo."

"Asante." Aliendelea kuchimba. "Yalikuwa ya moto?"

"Kidogo. Kama mtu mwenye homa ndogo."

"Mazito?"

"Moja zito. Jingine la kawaida." Kiranja alipiga tena jiwe. "Ukitaka, nitafunga mlango leo."

"Hutaweza. Unainuliwa kwanza."

Kiranja alijaribu wakati wa kutoka, darasa zima likitazama, na hakuweza. Walimcheka hadi getini. Mlango ulifungwa na aliyezoea kuufunga.

Alhamisi mchana kwaya ilikuwa ukumbini ikirudia ubeti uleule mara ya nane, kwa sababu mwalimu wa muziki alisema sauti za chini zilikuwa zinalala. Mwalimu wa darasa alitumwa kuchukua mapazia stoo. Alipopita nyuma ya darasa lake alimwona kupitia dirisha Arobaini na Mbili, peke yake, mbele ya sanduku. Mikono ilikuwa inachuruzika maji. Aliishika mbali na sare yake, kama wanavyofanya watoto waliofundishwa kunawa na hawana taulo. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kamili. Hakuna aliyeona nafasi yake wazi kwenye mstari wa nyuma, pembeni.

Mwalimu alisimama na mapazia begani. Mfuniko ukifunguliwa sasa, mvuke ungetoka, maganda yangekauka, na vifaranga vingenasa ndani. Hayo yote alimweleza mtoto jana. Alipaswa kumwita. Hakumwita. Baadaye alijaribu kujieleza sababu, na hakuipata iliyotosha.

Msichana alisubiri mikono ikauke. Akaiweka juu ya mfuniko, yote miwili, vidole vimetandazwa. Akakaa hivyo kwa muda. Kisha akainama, akalaza sikio kwenye ubao wa ubavuni mwa sanduku, macho yameelekea dirishani bila kumwona mtu. Ukumbini kwaya ilianza ubeti kwa mara ya tisa, ikasimamishwa. Katika ukimya ule uso wake ulibadilika kidogo tu, kama wa mtu aliyeguswa bega. Aliinuka, akachukua kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye orodha, akaandika, akatoka. Mlango uliinuliwa, ukasukumwa.

Mwalimu alipoingia alisoma mstari wa mwisho wa orodha: Saa tisa. Sijageuza. Nimesikia.

Alilaza sikio lake palepale. Alisikia mvumo wa balbu, na kwaya.

Ijumaa saa mbili mwalimu mkuu aliingia darasani akiwa amevaa koti, jambo alilolifanya mara moja kwa mwaka.

"Mwalimu, haya mayai yako hai au yamekufa? Nina kipaza sauti pale nje. Nitangaze au nisitangaze?"

"Yako hai, Mwalimu mkuu."

"Umeyaona?"

"Yamesikika."

"Na nani?"

Alimwonyesha orodha. Mwalimu mkuu alivaa miwani, akasoma mistari yote arobaini na miwili kuanzia juu, akacheka kwenye yai la saba, akafika chini.

"Huyu ndiye nani?"

"Yule anayefunga mlango."

"Ah, huyo." Akavua miwani. "Basi fungua kidogo tuhakikishe. Sekunde moja. Nisije nikaaibika mbele ya wazazi mia mbili."

"Hapana, Mwalimu mkuu," alisema mwalimu wa darasa.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwambia hapana mtu aliyemzidi cheo, na alilisema kwa sauti ndogo sana hivi kwamba mwalimu mkuu aliinama ili asikie vizuri. Hakulirudia. Mwalimu mkuu alitazama sanduku, akamtazama yeye, akatoka. Kwenye kipaza sauti alitangaza kwamba darasa la nne lina mayai, na kwamba yatakayotokea yatatokea.

Hayakutokea. Kwaya iliimba, sauti za chini zikalala. Maigizo yalikwisha mapema kwa sababu mfalme alisahau maneno yake na kukimbilia kwa mama yake. Kuanzia saa saba wazazi waliingia madarasani kuchukua ripoti, kwa namba, kama ilivyokuwa desturi ya shule. Kila mzazi alikaa mbele ya mwalimu, na kila mtoto alikwenda kuchungulia kioo cha sanduku, akarudi.

"Mwalimu, haya ni ya kutotoa au ya kuchemsha?" aliuliza baba wa wa nne.

"Kuku wangu mimi angekuwa ameshamaliza, amekwenda kutembea," alisema mama wa wa kumi na tano.

"Yamekaa tu," alisema wa tisa, na kweli hakuwa amebadili kauli tangu wiki ya kwanza.

Kufikia saa tisa walikuwa kwenye thelathini. Kiranja alichungulia mara tatu, mpaka baba yake akamshika mkono. "Twende, bwana. Mayai hayana miguu."

"Ndiyo yanaitafuta sasa hivi, baba," alisema, lakini akaenda.

Saa kumi na nusu uwanja ulikuwa umebaki na viti na karatasi tu. Shangazi wa Arobaini na Mbili alikuwa amekaa kwenye benchi la nje tangu saa nane, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni, akishikiza vifungo kwenye shati la mteja ili muda usipotee. Aliitwa wa mwisho. Aliingia, akakaa, akaweka shati magotini.

"Pole kwa kusubiri, shangazi," mwalimu alisema.

"Nimezoea. Mwenye mtoto wa mwisho hubeba kazi yake mkononi."

Mwalimu alifungua ripoti, akaanza na kusoma, akaenda kwenye hesabu. Alikuwa anasema kwamba mtoto anaelewa ila haongei, na kwamba yeye mwenyewe mwalimu anafahamu hali hiyo, aliposikia kimya kigeni nyuma yake. Aligeuka. Msichana alikuwa amegandamiza paji la uso kwenye kioo.

"Yai moja limepasuka," alisema. "Lile zito."

Walikwenda wote watatu. Kwenye ganda moja palikuwa na ufa unaotoshana na ukucha, na ndani ya ufa kitu kilisogea, kikatulia, kikasogea. Shangazi aliweka kiganja mdomoni. Ilichukua muda mrefu. Kipande cha ganda kilianguka, kikaonekana kidomo, kisha hakikutokea kitu kwa dakika kadhaa, kisha ufa ukazunguka yai kama mkasi unaofuata mstari wa chaki. Mpaka Jumamosi mchana vingekuwa tisa, na mlinzi angevisalimia kimoja kimoja. Mayai matatu yasingefunguka kamwe, na hakuna ambaye angejua ni kwa sababu ya kugeuzwa, au ya kutogeuzwa, au kwa sababu zao wenyewe. Lakini saa ile kilikuwa kimoja, kimelowa, kibaya kwa sura, kimelala ubavu chini ya balbu kikihema kwa nguvu.

"Kimeanguka," msichana alisema. "Nikiinue?"

"Usikiinue. Hakuna wa kukigusa."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Alikubali kwa kichwa. Aliweka mikono nyuma ya mgongo, akaishikanisha huko, asije akajisahau. Kifaranga kilijaribu kusimama, kikaanguka tena, na shangazi akasema polepole, kama anayezungumza na mteja mgumu, "Haya, mwanangu, haya, pole pole."

Upepo wa jioni uliingia kutoka uwanjani na kupeperusha orodha ukutani. Mwalimu alitazama kipimajoto.

"Mlango," alisema.

Arobaini na Mbili alikwenda. Aliuinua kidogo kwanza, kisha akausukuma kwa bega, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie shule ile aliufunga akiwa ndani.